Vizimba vya jongoo mchanga kwenye bonde la nyasi za baharini: uchambuzi wa kisa kimoja cha Unguja

Kisa hiki kinahusu kikundi kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja kilichojaribu mambo mawili kwa mpigo: kufuga jongoo mchanga, aina ya jongoo bahari, kwa biashara, na kumrudisha mnyama huyo kwenye bonde alilokwisha kuadimika. Jina la kijiji, miaka na hesabu za fedha vimeondolewa, na idadi za wanyama zimesogezwa kuwa namba nzima. Kimeandikwa kwa ajili ya kamati za wavuvi, maafisa uvuvi na vikundi vinavyokaribia kupokea vifaranga wa jongoo.

Usuli

Bonde lenyewe ni lile la kawaida la mashariki: ufukwe mweupe, kisha mchanga wenye tope kidogo, kisha nyasi za baharini, halafu mwamba unaovunja mawimbi kwa mbali. Jongoo mchanga, ambaye wataalamu humwita *Holothuria scabra*, makazi yake ni hapo kwenye mchanga wa nyasi. Zamani aliokotwa kwa miguu maji yakipwa. Baadaye wanunuzi walileta vifaa vya kuzamia, na wakubwa wakamalizwa hadi kwenye kina. Kikundi kilipoanza, mtu aliweza kutembea bamvua nzima, yaani siku zile maji yanapopwa sana, asione zaidi ya wawili watatu.

Kuadimika huko si hasara ya mfuko tu. Jongoo hula mchanga, akachuja bakteria, mwani mdogo mdogo na mabaki yaliyooza, kisha akautoa mchanga ukiwa umegeuzwa. Kila siku hujifukia na kufukuka, na kwa kufanya hivyo huingiza hewa kwenye tabaka ambalo bila yeye hugeuka jeusi na kunuka yai viza. Shamba lake ni lile lile analolala.

Jambo la pili ndilo linalosahaulika zaidi. Dume na jike hawajulikani kwa macho, wala hawapandani. Kila mmoja hutoa mbegu au mayai majini, na utungisho hutegemea mikondo. Wakiwa wametawanyika, mmoja hapa na mwingine umbali wa mita mia, mbegu humezwa na maji kabla hazijafika. Kwa hiyo bonde linaweza kuwa na majongoo mia moja na lisizae chochote cha maana. Kurejesha jongoo ni kuwakaribisha wakubwa wakae pamoja. Idadi ya vifaranga waliomwagwa baharini haisemi mengi, ingawa ndiyo inayopenda kuandikwa kwenye mabango.

Kikundi kilikuwa na watu 24, wengi wao wanawake waliokuwa wakilima mwani. Kiliahidiwa vifaranga 800 kutoka kituo cha kutotolea vifaranga, nyavu, na mafunzo ya siku tatu. Malengo mawili, kuuza na kuacha mbegu, yalitajwa kwenye mkutano wa kwanza. Hakuna aliyeandika ni wangapi wa kuuzwa na ni wangapi wa kubaki.

Kuchagua eneo

Eneo lilikaguliwa mara moja, Januari, siku ya maji mafu, saa kumi jioni. Maji yalifika magotini, mchanga ulikuwa laini, nyasi za kadiri. Kizimba kikapangwa mita 20 kwa 20 karibu na ufukwe, ili mlinzi asihangaike.

Ukaguzi huo ulikosa mambo mawili. Maji mafu hayapwi sana, kwa hiyo haikuonekana kwamba siku za bamvua kubwa robo ya kizimba hubaki mchanga mtupu unaochomwa na jua. Na Januari ni kiangazi cha kaskazi, kwa hiyo haikuonekana kwamba wakati wa masika maji matamu hupenya kwenye jiwe la matumbawe na kutokea ufukweni pale pale. Jina la mahali hapo lenyewe lina neno kisima ndani yake. Wanawake waokota kombe walijua. Mmoja alisema baadaye kwamba hapo kombe hawakai. Hakuulizwa.

Kundi la kwanza

Vifaranga walikuja Februari, wastani wa gramu 4. Usafirishaji ulifanywa vizuri, na inafaa uigwe. Waliachishwa chakula siku moja kabla ili matumbo yatoke mchanga na wasichafue maji njiani. Walifungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji ya bahari theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, mifuko ikawekwa ndani ya masanduku ya kuhifadhi baridi. Walipofika, mifuko iliachwa ielee kwa dakika 20, kisha maji ya bondeni yakaongezwa kidogo kidogo. Hakuna kifaranga aliyefika mfu.

Kosa lilikuwa hatua iliyofuata. Waliachiwa moja kwa moja kwenye kizimba cha wazi, wakiwa wadogo kuliko kidole gumba, na kizimba hakikusafishwa kaa kwanza. Kaa waogeleaji, wale wenye miguu ya nyuma iliyobapa kama kasia, hukaa kwenye upindo wa wavu na chini ya mawe. Mchana hawaonekani. Usiku, jongoo wanapofukuka kula, kaa hutoka.

Wiki ya tatu hesabu ilifanywa saa sita mchana. Walipatikana 90. Kikundi kilidhani wameibwa, na watu wawili wakatiliana shaka hadi kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Kumbe saa sita mchana vifaranga wa umri huo karibu wote wamejifukia. Hufukuka jua linapokaribia kuzama na kurudi mchangani karibu na alfajiri. Afisa uvuvi aliyekuja aliomba hesabu irudiwe usiku wa bamvua. Pwani hii bamvua hupwa mara mbili, mara moja asubuhi na mara moja karibu saa nne usiku, na hiyo ya usiku ndiyo saa ya kuhesabu jongoo. Kwa tochi za kichwani walipatikana 310. Ugomvi ulikwisha, lakini sasa ilionekana hasara ya kweli: wengi wa waliookotwa walikuwa na majeraha mgongoni na upande wa nyuma, vipande vilivyokatwa kama kwa mkasi. Usiku huo huo walitolewa kaa zaidi ya 40.

Masika yalianza mwisho wa Machi. Kipima chumvi kilikuwa kimekaa kabatini; kilipotolewa, maji ya upande wa ufukweni yalisoma 17 kwa elfu wakati wa kupwa, ilhali upande wa bahari yalisoma 31. Jongoo mchanga huvumilia kushuka kwa muda mfupi kwa kujifukia, lakini chini ya 20 kwa siku mfululizo hapati nafuu. Waliokuwa upande wa ufukweni walivimba, wakatoa utelezi mwingi, wakapata vidonda vyeupe, na wengine wakatapika matumbo. Kutapika matumbo peke yake si kifo, maana jongoo huota mengine. Vidonda vyeupe vinavyoenea ndivyo vya kuogopwa, kwa kuwa ngozi huyeyuka ndani ya siku chache. Mwisho wa Aprili walibaki 45.

Marekebisho

Hapa kikundi kilifanya uamuzi mzuri kuliko yote: kilikataa vifaranga wa kufidia walioahidiwa mwezi wa Mei. Hoja ya mwenyekiti ilikuwa nyepesi, kwamba ukimimina maji kwenye ndoo iliyotoboka hulaumu mfereji. Miezi mitatu ilitumika kutafuta eneo jipya.

Safari hii walikagua wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, kukiwa na mvua na kukiwa kukavu. Vigezo vilikuwa hivi: wakati wa bamvua kubwa kubaki angalau shubiri moja ya maji, mguu kuzama hadi kifundo lakini usizame zaidi, ukichimba kwa vidole upate sentimita 5 au zaidi za mchanga kabla ya kugonga jiwe, chumvi isishuke chini ya 28 hata siku ya tatu ya mvua, nyasi ziwepo lakini zisisongamane kiasi cha kufunika mchanga wote. Waokota kombe wawili walitembea nao. Eneo lililochaguliwa lilikuwa mita 300 mbele zaidi, jambo lililoongeza kazi ya ulinzi.

Wavu ulikuwa wa plastiki wenye matundu ya milimita 8, umefukiwa sentimita 30 na kusimama sentimita 60, ukingo wa juu ukikunjwa kwa ndani. Kukunja huko si urembo: usiku uliotulia jongoo hupanda wavu, na asipokutana na mkunjo hutoka. Kila bamvua wavu ulisuguliwa kwa brashi, maana ukiota ndevu za mwani maji hayapiti na upepo wa kusi huulaza.

Kikubwa zaidi walijenga vitalu vinne vya kulelea, kila kimoja mita 3 kwa 4, vya wavu wa matundu madogo wenye kifuniko. Kaa waliondolewa kwa usiku tatu mfululizo kabla ya kifaranga yeyote kuingia.

Kundi la pili

Vifaranga 600 wa gramu 4 walifika katikati ya Agosti, wakakaa vitaluni wiki saba. Walipofika wastani wa gramu 15 walihesabiwa 520, wakahamishiwa kwenye kizimba kipya cha mita 20 kwa 20. Ukubwa huo una sababu: kifaranga wa gramu 15 na kuendelea ana ngozi nene ya kutosha, na kaa wa kawaida humshindwa au humjeruhi tu.

Kupima uzito nako kulirekebishwa. Jongoo aliyetoka majini amebeba maji na mchanga tumboni, na vipimo viwili vya mnyama yule yule vinaweza kupishana sana. Utaratibu ukawa: saa ile ile ya usiku kila mwezi, majongoo 30 waliookotwa bila kuchagua, kila mmoja aachwe kwenye chujio dakika moja, ndipo apimwe.

Mambo yalienda vizuri hadi Machi, wastani ulipofika gramu 230 na majongoo 380. Kisha uzito ukasimama. Aprili 232, Mei mwanzoni 229. Kikundi kilidhani ni ugonjwa, wengine wakashauri wapewe chakula, pumba au mwani uliosagwa. Afisa alikataa, na alikuwa sahihi: chakula cha ziada kingeoza mchangani. Alipiga hesabu mbele yao kwa kijiti kwenye mchanga. Majongoo 380 mara gramu 230 ni kilo 87. Gawa kwa mita za mraba 400, unapata gramu 218 kwa kila mita. Mchanga wa kawaida wa nyasi hulisha takriban gramu 200 hadi 250 za jongoo mchanga kwa mita ya mraba, zaidi ya hapo hawakui. Kizimba kilikuwa kimejaa.

Mwezi wa Mei kikajengwa kizimba cha pili chenye ukubwa ule ule, majongoo wakagawanywa nusu kwa nusu. Uzito ulianza kupanda ndani ya mwezi mmoja, na kufikia Septemba wengi walikuwa gramu 400.

Uamuzi wa kuuza

Walikuwa 360. Mnunuzi alitaka wote. Jongoo mkavu hubaki na takriban asilimia 5 ya uzito wa mbichi, kwa hiyo kilo moja ya mkavu hutaka kilo 20 za wabichi, na bei hupanda haraka kadiri mnyama anavyokuwa mkubwa. Wanachama walikuwa wamengoja miaka karibu miwili bila kipato kutoka kazi hii. Baada ya mikutano mitatu ilikubaliwa 240 wauzwe na 120 wabaki kama wazazi, wote kwenye kizimba kimoja.

Mnunuzi alichagua mwenyewe. Bila shaka alichukua wakubwa. Waliobaki walikuwa wa gramu 250 hadi 330.

Mwezi wa Novemba, jioni mbili baada ya mwezi mpevu, walinzi waliona jambo ambalo wengi wao hawakuwahi kuliona: majongoo kadhaa wameinua nusu ya mbele ya mwili, wamesimama kama fira, wakiyumba taratibu kushoto na kulia. Baada ya muda uzi mweupe kama moshi ukatoka karibu na vichwa vya baadhi yao. Hao walikuwa madume, ambao hutangulia. Majike hufuata, nao hutoa mayai kwa mrusho wa ghafla; jike mmoja mkubwa anaweza kutoa zaidi ya milioni.

Desemba ulinzi ukalegea. Fedha za mauzo zilikuwa zimegawanywa zote, na hakuna fungu lililowekwa kwa ajili ya posho ya walinzi, kwa kuwa kizimba chenye wazazi hakikuonekana tena kuwa mali. Usiku wa mwezi giza waliibwa takriban 60.

Matokeo

Mwaka mmoja baada ya mauzo walibaki wazazi 55. Kamati ya wavuvi ililizungushia eneo hilo maboya na kukataza mtu yeyote kuokota jongoo ndani yake, wanachama wakiwemo. Nje ya kizimba, waokota kombe walianza kuonyesha jongoo wadogo wa sentimita 5 hadi 8 kwenye nyasi upande wa kusini. Je, ni watoto wa wale 120? Kisa hiki hakiwezi kujibu, na sababu imeelezwa hapa chini.

Uchambuzi

Makosa ya kundi la kwanza yalifanywa kabla ya kifaranga wa kwanza kugusa maji. Eneo, ukubwa wa vifaranga na kaa: kila kimoja peke yake kingeua sehemu, na vyote kwa pamoja viliua karibu wote. Lakini liko kosa la nne ambalo vifo hivyo vililificha. Vifaranga 800 kwenye mita 400 ni wawili kwa kila mita. Hata wangeishi wote, kizimba kingejaa wakiwa na gramu 110 hivi, na hakuna mnunuzi wa maana wa jongoo wa gramu 110. Kwa kizimba cha ukubwa huo, wanaoweza kufika gramu 400 ni kama 225. Hesabu hii ingechukua dakika tano siku ya mafunzo. Kundi la pili lililipa gharama yake kwa miezi miwili ya kusimama.

Kilichofanya kazi ni vitalu vyenye kifuniko. Kutoka 600 hadi 520 ni hasara ndogo kwa umri huo, na gharama ya wavu wa vitalu ilikuwa chini ya thamani ya vifaranga waliopotea awali. Kikundi kisicho na uwezo wa kujenga vitalu kingoje, au kipokee vifaranga wachache walio wakubwa badala ya wengi wadogo. Vituo vya kutotolea hupenda kutoa wadogo, kwa sababu nafasi ya kuwalea hadi gramu 15 ni ghali kwao pia. Hilo lijadiliwe kabla ya makubaliano.

Kuacha wazazi 120 pamoja kulikuwa sahihi kwa upande wa uzazi. Namna walivyopatikana haikuwa sahihi. Jongoo mdogo wa umri ule ule huenda ni mvivu wa kukua kwa asili, na mayai yake ni machache. Wazazi wangetengwa kabla mnunuzi hajafika, theluthi moja ya kila ukubwa, wakahamishiwa kizimba chao. Posho ya ulinzi nayo ingekatwa kwenye mauzo kabla ya mgao. Kizimba cha wazazi kinahitaji mlinzi kuliko cha biashara, kwa kuwa wanaokitegemea ni watu wa bonde zima, na kitu cha watu wote usiku huwa hakina mwenyewe.

Kuhusu wale wadogo wa upande wa kusini. Buu wa jongoo huelea kwa takriban wiki mbili kabla ya kutua kwenye jani la nyasi, na kwa wiki mbili mkondo unaweza kumpeleka kijiji cha tatu. Wazazi wa hapa huenda wanazaa kwa ajili ya jirani, na wale wadogo huenda wametoka kwingine. Kinachoshuhudiwa kwa hakika ni kwamba nyasi za upande huo zinapokea vifaranga, na hiyo ni sababu tosha ya kutozing'oa kwa ajili ya kamba za mwani. Ipo njia ya kuwatia vifaranga alama kituoni kwa kuwaogesha kwenye rangi inayoshika kwenye vijifupa vya ngozi na kung'aa chini ya darubini maalumu, lakini alama hiyo humtambua aliyetolewa kituoni tu. Mtoto wake hairithi.

Kilichokosekana ni rahisi zaidi ya hicho: hesabu ya nje ya kizimba kabla ya kuanza. Mistari kumi ya mita 50, kila mmoja upana wa mita 2, inatoa mita za mraba 1,000. Watu wanne, kamba yenye vifundo, tochi na ubao wa kuandikia wanaimaliza kwa bamvua mbili za usiku. Ifanywe mara tatu kabla ya vifaranga kuletwa, moja ikiwa wakati wa kaskazi, moja baada ya masika na moja wakati wa kusi, na irudiwe kwenye mistari ile ile kila mwaka, pamoja na mistari mingine kumi kwenye bonde la jirani lisilo na kizimba. Kikundi kilianza kuhesabu hivyo mwaka wa tatu, na mistari yake sasa imewekewa vigingi vya chuma, kwa kuwa vya miti viling'olewa kwa kuni.